Mpe Askari Zamu ya Madirisha

Ukitaka kujua ofisi yako inapotezea umeme wapi, usianzie kwenye kiyoyozi. Chagua Jumatatu moja ya Februari, saa moja na nusu asubuhi, ukafungue mlango kabla mwenzako yeyote hajafika. Nje, vijana wa bodaboda bado wamevaa majaketi, na saruji ya baraza ni baridi ukiikanyaga peku. Ndani, hewa ya Ijumaa jioni inakungoja. Imefungiwa humo tangu watu walipoaga, chini ya mabati, pamoja na joto lote lililoingia kwenye kuta. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi: una uvuguvugu kama chungu kilichoepuliwa muda si mrefu.

Saa tatu watu wamejaa, wanajipepea kwa mafaili, mashine zote zinawashwa. Asubuhi nzima umeme unatumika kuondoa joto ambalo usiku ungeliondoa bure.

Mji wetu wa Arua, Uganda, uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kiangazi chetu, tangu Desemba hadi Machi, mchana hukaribia nyuzi 31 au 32, lakini usiku hushuka chini ya 20. Tofauti hiyo ya nyuzi kumi na zaidi kati ya alasiri na alfajiri ni mali. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hana. Kwao usiku wa Februari ni joto na unyevu vilevile. Sisi tunayo, halafu tunaifungia nje kwa komeo kila jioni.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na yule anayeshika funguo, ndipo uende kwa fundi.

Askari na madirisha

Katika ofisi moja ya kupanga niliyoisimamia mjini Arua, askari wa usiku alikuwa mzee mmoja mpole, hachelewi, hakosi. Kila siku saa kumi na moja jioni alizunguka akifunga dirisha moja moja, na kila asubuhi saa mbili akayafungua. Siku moja nikamuuliza:

"Mzee, nani alikwambia ufunge kila kitu saa kumi na moja?"

"Bosi wa kwanza, madamu. Alisema wezi."

"Na wa pili?"

"Wa pili hakusema kitu. Nami nikaendelea."

Mimi nilikuwa bosi wa nne. Hiyo ratiba ilikuwa imetugharimu uniti kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuiandika popote.

Ratiba inayofaa hapa ni kinyume chake. Usiku jengo linafunguliwa, mchana linafungwa nusu. Nunua vipimajoto viwili vya bei nafuu. Kimoja kitundike ukutani ndani, mbali na kompyuta na jua. Kingine nje, kivulini, upande wa kaskazini au chini ya mti. Sheria ni moja tu: nje kukiwa baridi kuliko ndani, fungua, nje kukiwa joto kuliko ndani, punguza. Kiangazi, nje huanza kuwa baridi kuliko ndani muda mfupi baada ya jua kuzama, na asubuhi vipimajoto hivyo viwili hukutana karibu saa nne au saa tano. Baada ya hapo dirisha lililo wazi kabisa linaingiza joto, ingawa upepo wake unakudanganya.

Hewa ya usiku ikipita ndani, inapoza kuta za matofali ya kuchoma, sakafu, hata makabati ya chuma. Vitu hivyo vizito ndivyo vinavyokaa baridi hadi mchana na kunyonya joto la watu. Ukuta wa tofali nene huchukua saa kadhaa kupitisha joto kutoka nje hadi ndani. Ukiupoza usiku, unaingia kazini na akiba. Ofisi ya kontena au ya kuta za mbao haina akiba hiyo, na kwa hiyo haya ya usiku hayaifai sana. Yenyewe inahitaji kivuli na feni.

Si jambo geni barani kwetu. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa ramani ya Mick Pearce, lina maduka na ofisi ghorofa kwa ghorofa, na linapozwa kwa njia hiyohiyo: usiku feni zinasukuma hewa baridi kupitia saruji nzito, mchana saruji inairudisha ile baridi kwa watu. Harare nayo iko nyanda za juu, na usiku wake ni wa baridi. Hawakupata kitu ambacho sisi hatuna, isipokuwa mtu aliyeutazama usiku kwa makini.

Sasa pingamizi, maana nitaulizwa.

Wezi. Usimwambie askari aache dirisha la barabarani wazi. Chagua madirisha yanayotazama ua wa ndani, yenye nondo, na yale madogo ya juu. Nyumba nyingi za Arua zina matundu ya hewa juu ya madirisha na milango. Mengi yamezibwa kwa magazeti, maboksi au saruji, kwa sababu ya vumbi au popo. Yazibue, uyawekee wavu wa waya. Tundu lililo karibu na dari halimpitishi mwizi, lakini linapitisha hewa moto ambayo siku zote hupanda juu. Ndani, acha milango ya vyumba wazi ili hewa ipite jengo zima. Chumba cha mhasibu kibaki kimefungwa, hilo linaeleweka.

Mbu. Mkoa wetu wa West Nile si mahali pa kuchezea malaria. Wavu uwepo kwenye kila tundu linalolala wazi. Ila wavu hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa hata ukiwa mpya, na wa Arua haukai mpya. Pitisha kidole kwenye wavu wa dirisha lako mwezi Januari: utatoka na rangi ya matofali. Wavu uliojaa vumbi hivyo ni ukuta. Usuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni kila baada ya wiki mbili kiangazi, na kazi hiyo iandikwe jina la mtu.

Mvua. Kuanzia Aprili dhoruba huja na upepo, na karatasi zitalowa. Msimu wa mvua tumia matundu ya juu tu yaliyo chini ya paa lililotokeza, maana hata joto lenyewe limepungua.

Na moshi. Januari na Februari nyasi huchomwa pande zote, na upepo wa kaskazini huleta ukungu wa vumbi. Kuna usiku utafunga, na kesho yake ofisi itakuwa na joto. Hizo ni siku chache. Zisiwe kisingizio cha mwaka mzima.

Udi wa kujua njia ya upepo

Kabla ya kutumia pesa kwa fundi, nenda kwa mama wa Kinubi anayeuza udi sokoni, ununue kidogo. Washa, simama katikati ya chumba saa tatu asubuhi, madirisha yakiwa wazi, utazame moshi. Moshi ukielekea dirishani na kutoka, chumba kinapumua. Ukipanda hadi dari na kujikunja hapohapo, hewa haina pa kutokea, na hilo ndilo nililolikuta katika vyumba vitatu kati ya vitano vya ofisi yetu. (Wenzangu walidhani nafukuza majini. Sikuwakatalia, walinipisha nikafanya kazi.)

Hewa inataka mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupata hewa safi kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha dari. Dari ikiwa mita 3, meza iliyo mita 8 kutoka dirishani iko kwenye hewa iliyokufa. Dawa rahisi ni kutoboa tundu juu ya mlango wa ndani, ili hewa ipite hadi ukumbini na kutokea upande wa pili. Panga upya meza pia. Mara nyingi kabati refu limewekwa mbele ya dirisha pekee lenye upepo, kwa sababu siku ya kuhamia ndipo palipokuwa wazi.

Na ukiwa unajenga, chunga madirisha ya vioo vya kuteleza yenye fremu ya alumini ambayo sasa kila fundi anakusukumia. Yanapendeza, lakini kioo kimoja hukaa mbele ya kingine, kwa hiyo dirisha la mita 2 linafunguka mita 1 tu. Umelipia dirisha zima, umepata nusu. Dirisha la kufunguka kwa bawaba hutoa uwazi wote.

Paa

Mabati ndiyo mlango mkubwa wa joto. Simama juu ya meza saa nane mchana, ugeuze kiganja kuelekea dari: kama unahisi joto usoni na mkononi bila kugusa kitu, dari inakuchoma kama jiko. Feni ya darini hapo inakushushia joto hilo kichwani.

Mambo matatu husaidia, na nayapanga kwa gharama. La kwanza ni kuachia hewa itoke darini: matundu yenye wavu kwenye kuta za pembetatu za paa, pande zote mbili, ili joto lililo kati ya bati na dari lisilale humo. La pili ni kupaka bati rangi nyeupe. Bati jipya linalong'aa hurudisha jua lakini hushikilia joto lake. Likizeeka na kupata kutu, hunyonya kila kitu. Rangi nyeupe ya paa hurudisha jua na pia hutoa joto haraka. Chokaa hufanya kazi pia, ila mvua za Aprili huosha hela yako. La tatu ni kutandaza foili inayong'aa au godoro la sufu ya kioo juu ya dari. Hili ni la mwenye nyumba, si la mpangaji, na ndipo ninyi wawili mnapoanza mazungumzo marefu.

Fundi akikwambia paa la bati haliwezi kukaa baridi, mwonyeshe picha ya shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Mjenzi wake, Francis Kéré, aliinua bati juu kabisa ya dari ya matofali ya udongo na kuacha nafasi ambamo upepo unapita na kubeba joto. Bati lilelile la sokoni. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Na hapa Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto ya Emergency iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021, kwa ramani ya Renzo Piano, ina kuta nene za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa palepale. Udongo tunao.

Jua la Arua halifuati saa yako

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu wengi hulikosea.

Arua iko nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta. Tangu katikati ya Septemba hadi mwishoni mwa Machi, jua la mchana huwa upande wa kusini. Yaani kiangazi chote. Kwa hiyo kivuli cha ukuta wa kusini ndicho kinachokulinda miezi mibaya. Kazi yake ni nyepesi kwa sababu jua liko juu sana: mwishoni mwa Desemba, paa lililotokeza sentimita 60 linafunika mita 1.2 za ukuta wakati wa adhuhuri. Hilo linatosha dirisha la kawaida. Upande wa kaskazini jua hupita miezi ya mvua, na hata mwezi wa Juni sentimita 60 zilezile zinafunika zaidi ya mita 1.5.

Mashariki na magharibi hesabu hiyo inakufa. Saa kumi na moja jioni jua limeinama, na sentimita 60 za paa zinafunika kama sentimita 35 tu. Pazia la ndani halisaidii sana. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia chumbani. Kizuizi kiwe nje. Mkeka wa mafunjo au mianzi ukining'inizwa mbele ya dirisha la magharibi, ukiacha nafasi ya kiganja ili hewa ipite, hufanya kazi ambayo pazia la bei mbaya haliwezi. Baraza ni bora zaidi. Mwembe ni bora kuliko vyote. Kama kiwanja kina mwembe upande wa magharibi na mwenye nyumba anataka kuukata apate maegesho, mpigie hesabu ya umeme kwanza, maana kioo cha mita moja ya mraba kinachopigwa na jua la jioni kinaweza kuingiza wati 500 na zaidi. Madirisha manne ya namna hiyo ni pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka.

Halafu kuna suala la saa. Uganda nzima hutumia saa za Afrika Mashariki, lakini sisi tuko magharibi kabisa mwa eneo hilo. Kwa hiyo saa zetu zinalitangulia jua kwa karibu saa nzima. Februari jua la Arua hufika juu kabisa baada ya saa saba mchana, na huzama saa moja jioni imeshapita. Maana yake, saa mbili asubuhi ya ofisini ni mapema zaidi kuliko saa inavyoonyesha, na saa kumi na moja bado ni alasiri kali. Ofisi inayoanza saa moja na nusu na kuaga saa kumi kwa miezi ya kiangazi inakwepa saa mbaya kuliko zote bila kununua kitu. Wenye makao makuu Kampala watalalamika kwamba hawakupati saa kumi na nusu. Wapige asubuhi.

Tumia jua hilohilo kupanga vyumba. Stoo, choo na chumba cha faili viende magharibi. Mikutano mikubwa ifanyike asubuhi, kwa sababu watu 20 kwenye chumba ni joto la wati 2,000 hivi hata kabla hawajaanza kubishana kuhusu bajeti.

Feni kwanza

Upepo wa feni hukufanya uhisi kama joto limeshuka nyuzi 3 hivi. Haipozi chumba, inapoza ngozi. Ndiyo maana feni inayozunguka kwenye chumba kitupu ni hasara tupu, na ndiyo maana mtu anayetoka aizime.

Piga hesabu hii kwa kalamu. Feni ya darini ya wati 60 ikifanya kazi saa 8 kwa siku 22 hutumia uniti 10 na nusu kwa mwezi. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 hula karibu wati 1,100 kompresa ikiwaka. Tuseme inawaka asilimia 70 ya muda, kwa saa zilezile utapata uniti 135. Feni kumi na mbili kwa kiyoyozi kimoja, na chenji inabaki. Feni mpya za mota isiyo na brashi hutumia nusu ya hiyo ya wati 60, na zinapendeza kwa wanaotumia sola.

Wakati wa jenereta hesabu inauma zaidi. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo hutoa kama uniti 3, tena ikiwa imebebeshwa mzigo wa kutosha. Kiyoyozi kile kimoja kinakunywea lita mbili kwa siku. Wazee wa mji wanakumbuka: kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa, na umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za hapa, kisha tangu 2012 kwenye kituo kidogo cha maji cha Nyagak karibu na Paidha, chenye megawati 3.5 kwa mkoa mzima. Enzi hizo hakuna aliyeota viyoyozi vinne. Laini ya kilovolti 132 kutoka Lira kupitia Gulu na Nebbi ilipotufikia, duka la kwanza kunufaika lilikuwa la viyoyozi.

Na mavazi. Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz mwaka 2005: ofisi ziwekwe nyuzi 28 na watu waache tai na koti. Kama Tokyo wameweza, mgeni kutoka wizarani anaweza kuvua koti lake Arua. Mwandikie kwenye barua ya mwaliko, atashukuru.

Ukiwa lazima uwe na kiyoyozi

Kuna vyumba ambavyo havina njia nyingine. Basi kwanza chumba kiwe na kivuli, ndipo ununue mashine ndogo inayotosha. Fundi hupenda kukuuzia kubwa. Kubwa kupita kiasi hupoza haraka, hujizima, hujiwasha, na kila kuwaka kwa kompresa ni mshtuko kwa mita. Ya inveta, inayopunguza kasi badala ya kuzima, ni ghali kununua na nafuu kuishi nayo.

Weka 25 au 26, na feni iwe inazunguka polepole. India iliamua kwamba tangu Januari 2020 mashine mpya za vyumbani zenye nembo ya nyota zitoke kiwandani zikiwa zimewekwa 24. Sisi hatuna haja ya kuwazidi kwa ubaridi. Kila nyuzi unayoipandisha hupunguza matumizi kwa kiasi kinachoonekana kwenye risiti. Na yule anayeingia kutoka juani akabonyeza rimoti hadi 16 ili chumba kipoe upesi, mweleze kwa upole: mashine ya kawaida haina mbio za ziada. Inapoza kwa mwendo uleule, ila haijui pa kusimama.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinazungusha ileile. Watu sita waliojifungia nacho tangu saa tatu, kufika saa saba wanasinzia, na akiwepo mwenye kikohozi cha kifua kikuu, wote wanavuta pumzi yake. Acha matundu ya juu wazi kidogo, na saa ya chakula cha mchana fungua kila kitu dakika kumi. Umeme utakaopotea ni mdogo, na kifua hakina spea.

Chujio lioshwe kila wiki mbili kiangazi. Telezesha kifuniko, toa wavu, uinue kwenye mwanga: usipoona upande wa pili, mashine imekuwa ikivuta hewa kupitia blanketi. Kipande cha nje kikae kivulini, kisizibwe na maboksi, na kisiwe ukuta wa magharibi. Weka kifaa cha kulinda voltiji kinachosubiri dakika tatu hadi tano umeme ukirudi. Gridi yetu bado ina kwikwi, na kompresa nyingi zimefia hapo.

Unaponunua, soma aina ya gesi kwenye kibandiko. R-22 inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani. Ukiuziwa mashine yake kwa bei ya kutupwa, ujue kesho gesi hutaipata. R-410A haiharibu ozoni lakini inapasha dunia joto sana, na mkataba uliofikiwa Kigali, Oktoba 2016, unaipunguza taratibu. R-32 au R-290 ndizo zenye umri mbele yake, ila zinashika moto, kwa hiyo fundi awe amesomea, si yule wa jirani anayetengeneza pia redio.

Chumba cha seva ni mlaji wa siri. Mashine yake huwaka usiku na mchana, mara nyingi kwenye 18, kwa sababu mtu fulani alisema kompyuta zinapenda baridi. Seva za kawaida hukaa salama hadi 27 kwenye hewa inayoingia. Ipandishe 25, ukahesabu mwezi mmoja. Lakini betri za inveta za risasi-asidi zisikae chumba cha joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wake nusu. Ziweke kaskazini, kwenye chumba chenye hewa.

Koboko

Katika mji jirani wa Koboko hali ni tofauti: ofisi nyingi ziko kwenye majengo ya maduka kando ya barabara kuu iendayo mpakani Oraba. Mbele ni kioo, nyuma ni ukuta wa jirani. Dirisha la usiku halipo. Malori ya Sudan Kusini yanapita mbele, na vumbi la njia za pembeni linaingia hata mlango ukifungwa.

Hapo kazi yote iko juu na nyuma. Mwombe mwenye jengo akuruhusu kutoboa matundu karibu na dari kwenye ukuta wa ngazi au ukumbi. Kama uko ghorofa ya mwisho, bomba la hewa lipite darini hadi juu ya bati, likiwa na kofia ya kuzuia mvua. Feni ndogo ya kutoa hewa, ya wati 30 au 40, iwashwe tangu saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi: ni chini ya nusu uniti kwa usiku mzima, na inafanya kazi ambayo askari wa Arua anaifanya kwa mkono. Kioo cha mbele kiwekewe kivuli cha turubai kinachoshuka hadi usawa wa kichwa. Wenye maduka wamelijua hili zamani. Tazama wauza vitambaa wa Koboko wanavyoshusha maturubai yao jua likigeuka, halafu uangalie ofisi ya jirani ikiwaka kama sanduku la kioo.

Mwisho ni la karatasi. Andika ratiba ya madirisha ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo askari anaisoma, uibandike kwenye kibanda chake: yapi yafunguliwe saa ngapi, yapi kamwe, nini kifanyike mvua ikianza. Weka kwenye mkataba wa kampuni ya ulinzi kwamba hiyo ni sehemu ya zamu. Mzee wetu aliomba jambo moja tu, kwamba yale madirisha ya ua yawekewe ndoano za kuyashikilia, maana upepo wa usiku huyabamiza na yeye hukimbilia huko akidhani ni mtu. Ndoano zilinunuliwa siku hiyohiyo. Na Jumapili jioni asiyekuwa na zamu ampe mwenzake funguo, ili usiku wa kuamkia Jumatatu ofisi isilale imefungwa.